Kujenga gari dogo nyumbani Arusha: mwongozo kamili, kuanzia Corolla ya kuchinja hadi barabarani

Fremu ya gari langu niliipaka rangi mara mbili. Mara ya kwanza injini ilikuwa bado haijakaa mahali pake. Miezi minne baadaye niliisaga rangi ile yote kwa grinda, kwa sababu sampu (bakuli la oili chini ya injini) ilikuwa inaning'inia chini kiasi kwamba isingevuka tuta hata moja la barabara ya Arusha kwenda Moshi. Ilibidi nikate chuma nilichokwisha kukichomelea, nihamishe injini, nianze upya.

Kwa hiyo jambo kubwa ninalotaka ulishike ni hili: gari la kujengea nyumbani hujengwa mara mbili. Mara ya kwanza linakuwa chuma kitupu, bila rangi na bila mapambo, hadi liwake, litembee na lisimame. Kisha unalifungua lote, unapaka rangi, unalifunga tena. Anayeuruka mzunguko wa kwanza ataishia kulijenga mara tatu, kama mimi.

Gari ninalolizungumzia ni dogo, la watu wawili, la wazi, injini mbele, magurudumu ya nyuma yakiwa ndiyo yanayosukuma. Mfano wake wa asili ni Lotus Seven, iliyotolewa Uingereza mwaka 1957 na kampuni ya Colin Chapman. Iliuzwa ikiwa vipande ili mnunuzi aiunganishe mwenyewe, kwa kuwa gari lililokamilika lilitozwa kodi ya manunuzi na vipande havikutozwa. Kodi ya ongezeko la thamani ilipoanza kule mwaka 1973, nafuu hiyo ikaisha, na mwaka huohuo haki za kuliunda zikachukuliwa na Caterham, ambao wanalitengeneza hadi leo. Unaweza kuagiza seti kamili kutoka nje. Mimi nilipojumlisha usafiri na ushuru niliona ni heri nijenge fremu mwenyewe hapa Moshono, Arusha, na viungo vyote nivitoe kwenye gari moja la zamani. Kazi ilinichukua miezi 26, jioni na mwisho wa wiki.

Kabla ya kukata chuma

Anza na karatasi. Nunua gari la kuchinja, yaani lile utakalolivua viungo, lenye kadi halali, na jina la anayekuuzia lilingane na lililo kwenye kadi. Andikishianeni mkataba wa mauziano. Tunza risiti ya kila kitu, hata ya kilo moja ya vijiti vya kuchomelea, kwa sababu siku utakapoulizwa chuma hiki kimetoka wapi, risiti ndiyo itakayokujibia. Nenda TRA (Mamlaka ya Mapato) na kwa askari wa usalama barabarani ukiwa na mchoro wako mkononi, ueleze unachotaka kujenga, uandike wanachokwambia na tarehe. Fanya hivyo mwanzoni. Nimeona mtu analia juu ya gari zuri lililokamilika ambalo halina pa kwenda. Barabara zetu zinaongozwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kwa chombo chochote cha moto kinachoingia barabarani, liwe limetoka kiwandani au limetoka uani kwako.

Kuchagua gari la kuchinja

Nilichagua Corolla KE70, ile ya zamani ya magurudumu ya nyuma. Injini yake ya 4K ina ujazo wa sentimita za ujazo 1290, haina kompyuta, na fundi yeyote wa umri wangu anaijua kwa macho yaliyofumbwa. Uzuri mwingine ni kwamba injini ya 5K, yenye 1486, ni ya ukoo huohuo, hivyo ukitaka nguvu zaidi baadaye hulazimiki kubuni upya. Difu (mhimili wa gia unaozungusha magurudumu ya nyuma) ya KE70 aina ya saluni hushikwa na mikono minne na spiringi za duara, pamoja na fimbo ya mlalo inayoizuia isicheze kushoto na kulia. Mpangilio huo unahamishika kwenye fremu mpya bila shida.

Usinunue vipande vipande. Nunua gari zima linalotembea, kisha uliendeshe wiki mbili kabla ya kuligusa kwa spana. Andika kila kasoro: gia ya tatu inagoma, difu inalia, breki inavuta kushoto. Ukilichinja bila kulijua, baadaye utashindwa kutofautisha ugonjwa liliokuja nao na ule uliousababisha wewe. Pendelea pia gari lililoishi huku bara. Nilikwenda kuangalia moja lililotoka Tanga, lilikuwa linang'aa juu, lakini nilipopitisha bisibisi chini ya sakafu ikazama hadi mpini.

Kulifungua

Hapa ndipo subira inapoanza kulipa. Piga picha kila kona kabla ya kufungua boliti ya kwanza. Kila waya ufunge tepu ya karatasi na uandike kwa maka peni: unatoka wapi, unakwenda wapi. Usiukate waya hata mmoja. Toa mfumo mzima wa waya kama ulivyo, kama mtu anayetoa mzizi wa mgomba, uutandaze juu ya mkeka.

Boliti na nati nilizihifadhi kwenye makopo ya Blue Band, kopo moja kwa kila kiungo. Ndani ya kila kopo niliweka karatasi yenye maelezo, na juu ya mfuniko nikaandika tena, kwa kuwa mifuniko hubadilishana. Kopo la gia boksi lilikuwa na boliti tisa za urefu wa aina tatu. Nilizichomeka kwenye kipande cha boksi gumu kwa mpangilio uleule zilivyokaa kwenye gia boksi yenyewe, nikatoboa tundu kwa kila moja na kuchora mduara kuzunguka. Mwaka mmoja na nusu baadaye nilizirudisha kwa dakika kumi.

Kisha pima. Kabla ya kuondoa krosimemba ya mbele (boriti ya chuma inayobeba viungo vya magurudumu ya mbele), pima umbali kutoka kila tundu la boliti hadi lingine kwa milimita, pamoja na urefu kutoka sakafuni. Fanya vivyo hivyo kwa mikono ya difu. Watu wengi wanaotaka umbo kamili la Seven hubuni upya mikono ya magurudumu ya mbele. Mimi sikuthubutu, na sijutii. Nilihamisha krosimemba nzima na shokapu zake na stering yake, kila kiungo kikiwa kwenye umbali uleule kiliotoka nao kiwandani. Sababu ni hii: fimbo za stering na mikono ya gurudumu visipopanda na kushuka kwa mduara mmoja, gurudumu hujikata lenyewe kila linapokanyaga shimo, na usukani unabaki mikononi mwako umetulia huku gari linahama njia. Wahandisi walishapima jambo hilo kwa ajili yako. Pua ya gari langu imekuwa ndefu kwenda juu kuliko ya Seven, na nimeikubali hivyo.

Mahali pa kazi

Unahitaji paa, sakafu ya saruji iliyonyooka, na mlango unaofungwa. Stendi za kushikilia gari zitengenezwe kwa chuma kizito. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala lililokaa juu ya tofali la saruji, maana tofali halitoi onyo, hupasuka ghafla. Watoto wa nyumbani kwako na wa jirani watakuja kutazama. Wape mstari wa chokaa wasiouvuka, na miwani kila unapowasha grinda.

Umeme wa jioni huwa mdogo mtaani kwetu, na mashine ya kuchomelea inauhisi mara moja: moto unafifia, chuma kinashikana juu juu tu. Nilihamishia kazi ya kuchomelea asubuhi ya Jumamosi.

Fremu

Jenga meza kwanza. Nilichukua plaiwudi ya milimita 18, ubao mmoja mzima wa futi 8 kwa 4, pamoja na nusu ya ubao mwingine, nikaziweka juu ya fremu ya mbao na kuzisawazisha kwa pima maji. Nikachora juu yake umbo la chini la fremu kwa ukubwa wake halisi, pamoja na mstari wa katikati kuanzia mbele hadi nyuma. Mstari huo ndio mama wa kila kipimo. Mbavu za kila upande zipimwe kutoka kwenye mstari huo, usipime kutoka kwenye paipu moja kwenda nyingine, kwa sababu kosa la milimita moja likirithishwa mara sita tayari gari limepinda.

Chuma ni skwea paipu nyeusi za milimita 25 kwa 25, unene milimita 1.5. Sisitiza unene dukani, na uende na kalipa yako. Usichukue za kupakwa zinki, kwa kuwa moshi wake ukichomwa huleta homa na kifua. Mimi nilitumia paipu 9 za mita 6, pamoja na zilizopotea kwa kukatwa vibaya.

Nilipomaliza ngazi ya chini na ya juu nilimwita mzee mmoja, fundi mstaafu wa kuchomelea aliyefanya kazi miaka mingi karakana za eneo la Unga Limited.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii ndiyo gari?"

Hakusubiri jibu. Alishika kona ya nyuma, akaweka goti kwenye kona ya mbele, akasukuma. Fremu yote ikalala pembeni kama kitanda cha kamba kilicholegea.

"Mwanangu, hapa umejenga dirisha. Nionyeshe pembetatu ziko wapi."

Chukua vijiti vinne, vifunge kwa uzi viwe mraba, halafu usukume kona moja: utalala. Ongeza kijiti cha tano kutoka kona hadi kona, hautalala tena. Kila mraba mkubwa kwenye fremu, hasa pande mbili za injini na ukuta wa nyuma ya viti, unahitaji paipu ya kukatiza. Nilipoziongeza, mzee alirudi, akaweka goti palepale. Haikusogea. Akanywa chai yake.

Kuhusu kuchomelea kwenyewe: kijiti cha milimita 2.5, ambacho ndicho maduka mengi huuza, kinatoboa paipu ya unene huu. Tafuta vya milimita 2, na uweke mashine karibu na ampea 50, kisha ujaribu kwenye mabaki hadi mkono utulie. Vijiti viwe vikavu. Wakati wa masika nilivihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, na kabla ya kazi nikavianika juani. Shikiza fremu nzima kwa nukta ndogo kwanza, kila kona nukta mbili, kisha pima mishalo: kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, na ule mwingine. Tofauti ikizidi milimita 2, kata nukta na urudie. Ukianza kuchomelea moja kwa moja, usimalize upande mmoja ndipo uhamie wa pili. Chomelea kona moja, ruka hadi ya mshalo wake, rudi, kwa sababu chuma kikipoa hujivuta, na ukikifuata mstari mmoja kitavuta fremu nzima upande huo.

Kama mkono wako bado ni mchanga, shikiza nukta mwenyewe, halafu mlipe fundi aliyebobea amalizie. Arusha imejaa mafundi wanaojenga bodi za magari ya utalii, watu wanaoijua chuma nyembamba vizuri sana.

Kukalisha injini, na kosa langu

Niliweka injini chini iwezekanavyo, kwa sababu kila niliposoma niliambiwa uzito uwe chini. Hilo ni kweli kwa barabara za kule. Nikachomelea mauntingi (vishikizo vya injini), nikapaka rangi. Ndipo siku moja nikapima kutoka sampu hadi sakafuni: sentimita 11. Matuta yetu mengi yana kimo hicho au zaidi.

Kuinua injini sentimita 5 kunasikika kama kazi ya asubuhi moja. Lakini injini ikipanda, mkia wa gia boksi hubadilisha pembe, na propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu) hufuata. Shafti inayotoka gia boksi na ile inayoingia kwenye difu lazima ziwe sambamba. Propela inaweza kushuka kati yake kwa pembe ndogo, ila pembe za ncha mbili zilingane, la sivyo gari zima litatetemeka ukifika mwendo wa kilomita 60, na misalaba ya propela itakufa mapema. Ilibidi nihamishe mauntingi ya gia boksi, nikate paipu ya handaki linalopitisha propela, nifupishe propela kwa fundi mwenye mashine ya kuipima mizani. Chujio la hewa likatokeza juu ya mahali boneti ilipotakiwa kupita.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu. Weka matairi halisi utakayotumia. Weka fremu kwenye kimo chake halisi, na mifuko ya saruji mahali pa watu wawili. Weka sampu isipungue sentimita 16 kutoka ardhini, kisha tengeneza bamba la chuma la milimita 3 la kuikinga. Pima pembe za shafti zote mbili kwa simu iliyolazwa juu ya kipande cha chuma kilichonyooka. Baada ya hapo shikiza mauntingi kwa nukta, ingiza stering, pedali, eksozi na rejeta, uone kama kuna vinavyogombania nafasi. Vikipatana vyote, chomelea.

Jambo la huku juu: Arusha iko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 13 kuliko Dar es Salaam. Kabureta iliyopangwa kwa pwani itamwaga petroli kupita kiasi, plagi zitakuwa nyeusi kama mkaa. Nilishusha jeti kuu (tundu la kabureta linalopima petroli) kwa saizi moja, nikawahisha moto wa plagi kidogo, plagi zikarudi rangi ya kahawia. Moshi iko chini ya mita 1,000, hivyo mwenzangu wa huko asiige jeti yangu, asome plagi zake mwenyewe.

Breki

Katika sehemu hii sikubali ubishi. Kila kitu kinachosimamisha gari kiwe kipya au kimefunguliwa na kukaguliwa: masta silinda, silinda za nyuma, mipira, pedi, lainingi. Tumia masta silinda ya njia mbili, ili bomba moja likipasuka lingine libaki. Usitumie bomba la shaba tupu la mafriji, linachoka kwa mtetemo na kupasuka bila dalili. Tumia bomba la chuma la breki, ncha zikunjwe mara mbili kwa kifaa chake, na kila sentimita 20 hivi lishikwe na klipu kwenye fremu, mbali na eksozi.

Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji hushuka hadi karibu 155. Chupa iliyokaa wazi rafuni tangu mwaka jana itupe.

Gari langu lina kilo kama 620, Corolla iliyotoa viungo ilikuwa inakaribia 900. Breki zilezile zinafanya kazi kwa uzito mdogo, na hapo kuna hatari moja: magurudumu ya nyuma yakifunga kabla ya mbele, gari linageuka lenyewe. Jaribu kwenye uwanja wa changarawe, mwendo wa kilomita 20, mtu amesimama pembeni akitazama magurudumu. Ya mbele ndiyo yafunge kwanza. Usiende kasi zaidi kabla ya kuliona hilo mara kumi mfululizo.

Shafti ya stering usiikate na kuiunga nyumbani. Tumia shafti na viungo vya kiwandani, na kama urefu haufai, hamisha kiti. Mikanda ya usalama ifungwe kwenye mabamba yaliyochomelewa kwenye fremu, kamwe isifungwe kwenye bati.

Waya, tangi na mengineyo

Waya za Corolla zikirudishwa na lebo zake hazisumbui. Tatizo karibu kila mara ni waya wa bodi (ule wa hasi unaoshika chuma cha gari) uliofungwa juu ya rangi. Kwangua hadi chuma, funga, kisha paka grisi. Tangi weka nyuma ya ukuta wa viti, lipe bomba la kupumulia, na tangi kuukuu usilichomelee kamwe, hata kama linaonekana kavu miaka mitatu. Rejeta ya Corolla inatosha, ilimradi bati liongoze upepo upite ndani yake badala ya kuizunguka.

Bodi nilitengeneza kwa bati la alumini lililokunjwa na fundi wa bodi za safari. Kwanza nilikata maumbo yote kwa boksi gumu, nikayajaribu mwilini mwa gari, ndipo nikayapeleka kwake. Alikunja kwa siku mbili.

Safari ya kwanza

Likiwa bado chuma kitupu, liwashe na uliache lifike joto lake, ukitafuta mivujo kwa tochi. Tembea uani mbele na nyuma. Kisha tafuta eneo la wazi lenye ruhusa ya mwenyewe, uende kilomita 10 za polepole. Rudi, kaza kila nati ya stering, magurudumu, mikono ya difu na mauntingi, na uweke alama ya rangi nyeupe kati ya nati na chuma ili ukiona mstari umeachana ujue nati imezunguka. Rudia baada ya kilomita 50. Mimi nilikuta nati mbili za fimbo ya mlalo ya difu zimezunguka robo mzunguko, nikabadilisha na nati za kujifunga zenye plastiki ndani.

Nilipomaliza kilomita 100 bila mstari wowote kuachana, nililifungua lote kwa mara ya mwisho. Makopo ya Blue Band yakarudi mezani. Nikapiga fremu brashi ya waya, praima, na rangi ileile nyekundu. Lilipopata karatasi zake nilimpitia yule mzee nyumbani kwake, tukaenda naye hadi Usa River na kurudi, tukavuka matuta yote ya Tengeru, na sampu haikugusa hata moja.